Hii ni Kawaida, au Niende Hospitali?

Mama aliyejifungua jana, ukimwambia aulize swali lolote, atauliza la mtoto. Mbona anapiga chafya? Mbona hafungui macho? Kitovu kitadondoka lini? Binti wa miaka 13 naye, ukimpa nafasi, atauliza la mwenzake: "Kuna rafiki yangu kaniambia nimuulizie." Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka mingi, muda mwingine wodi ya wazazi na kliniki ya baada ya kujifungua, muda mwingine shuleni nikizungumza na vijana, na wanaoanza na swali lao wenyewe ni wachache mno.

Nyuma ya maswali yote hayo kuna swali moja tu: haya yanayonipata ni ya kawaida, au ni ugonjwa? Mwili wao umegeuka ghafla. Unatoa damu, maji, harufu na maumivu ambayo mwaka jana haukuwa nayo, na wote waliowazunguka wanatazama kitu kingine. Kwa mzazi wanamtazama mtoto. Kwa kijana wanatazama ripoti ya mtihani.

Ndiyo maana somo langu lote nimelijenga juu ya mpaka huo. Sianzi na ushauri wala sianzi na onyo. Naanza kwa kutaja lipi ni la kawaida, moja baada ya jingine, kisha naonyesha mahali ambapo unaacha kila ulichokuwa unafanya na kwenda hospitali. Mtu asiyejua la kawaida huogopa kila kitu wiki ya kwanza. Akishachoka kuogopa, huacha kuogopa hata lile la kuogopwa.

Damu ndiyo mfano mzuri, maana inawagusa wote wawili.

Nina chupa ya nusu lita ambayo huijaza maji niliyoyatia rangi nyekundu. Naipeleka wodini na naipeleka shuleni, chupa ileile. Wodini naiinua na kuwaambia: damu ya kiasi hiki ikimtoka mwanamke baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, sisi tunaita kutokwa damu nyingi, na tunaanza kukimbia. Mililita 500. Kutokwa damu kupita kiasi ndiko kunakoua wazazi wengi zaidi duniani, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za mwanzo. Kisha namimina yale maji kwenye pedi mpaka ilowe, halafu kwenye nyingine, waone pedi iliyolowa kabisa ina sura gani. Nafanya hivyo kwa sababu neno "nyingi" kila mtu ana kipimo chake. Nimemsikia mzazi akisema anatokwa kidogo tu, na shuka limelowa chini yake. Mwingine alilia kwa matone mawili.

La kawaida ni hili. Siku tatu nne za kwanza damu ni nyekundu, kama hedhi nzito au kuzidi kidogo. Baadaye hufifia, ikawa ya waridi au ya hudhurungi, na mwisho hubaki ute wa njano au mweupe. Safari hiyo yote inaweza kuchukua wiki nne mpaka sita. Ukiinuka baada ya kulala muda mrefu, damu iliyokuwa imejikusanya hushuka kwa mkupuo. Ikipungua papo hapo, endelea na shughuli zako. Ukinyonyesha, tumbo linasokota, kwa kuwa oksitosini, ile homoni inayoshusha maziwa, ndiyo hiyo hiyo inayokaza mji wa mimba urudi ukubwa wake. Waliozaa mtoto wa pili na wa tatu husikia msokoto huo zaidi kuliko wa mtoto wa kwanza, na hukasirika sana, kwa sababu walidhani safari hii mambo yatakuwa mepesi.

Na mpaka ni huu: pedi kulowa yote ndani ya saa moja, mabonge makubwa, damu iliyokwisha kufifia kurudi nyekundu na nyingi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo la chini yanayozidi siku hadi siku badala ya kupungua. Hapo hakuna cha kusubiri asubuhi.

Shuleni nafungua chupa ileile, natoa kijiko cha chakula, na kumimina vijiko viwili, halafu cha tatu, kwenye bakuli jeupe. Hedhi nzima, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa wasichana wengi ni kama hivi: mililita 30 mpaka 40. Ikipita 80 tunaiita nyingi. Darasa zima huguna. Wengi wao waliamini wanapoteza damu ya kutisha. Mmoja aliwahi kuniuliza kama ipo siku itamwishia.

Lakini siwaachi hapo, kwa sababu wapo ambao kweli inazidi. Msichana anayebadilisha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, ambaye hedhi yake inavuka siku saba, anayetoa mabonge makubwa, amepauka na kila mara amechoka, huyo apimwe damu. Baadhi yao wana tatizo la kurithi la damu kutoganda vizuri, kama ugonjwa wa von Willebrand, na hakuna aliyewahi kushtuka nyumbani, maana mama yao na dada zao nao hutokwa vivyo hivyo. Nyumba nzima imekubaliana kwamba hiyo ndiyo hali ya wanawake.

Halafu kuna namba 28. Sijui ni nani aliyewakaririsha wasichana kwamba mzunguko ni siku 28 na basi, lakini amewakosesha wengi usingizi. Kwa aliyevunja ungo karibuni, mzunguko wa siku 21 mpaka 45 ni wa kawaida, na miaka miwili mitatu ya mwanzo unaweza kurukaruka unavyotaka. Akikaa miezi mitatu bila kuiona, aende akaonwe. Ikiwa ameshajamiiana, mimba ipimwe kwanza kabla ya kutafuta sababu nyingine. Akifika miaka 15 hajaanza kabisa, aonwe pia. Na maumivu yanayomlaza kitandani kila mwezi, yasiyosikia dawa, yasipewe jina la kukua. Yanaweza kuwa endometriosisi, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria unampata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa.

Turudi wodini, kwenye hatari ambayo haina rangi ya kuonyesha kwenye chupa. Mama mmoja alikuja kliniki siku kadhaa baada ya kujifungua, amemleta mtoto akaguliwe kitovu. Kitovu kilikuwa safi, kikavu, hakina neno. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na anabana jicho moja. Nikamuuliza kuhusu kichwa.

"Ni usingizi tu, sista. Si unajua huyu halali."

Na macho je? Yanaona vimulimuli. Tulipompima presha ilikuwa juu mno. Akalazwa palepale, akapewa dawa za kuishusha na magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, akapona. Watu wengi huamini kifafa cha mimba huisha mtoto anapotoka. Kinaweza kuanza baada ya kujifungua, mara nyingi siku za mwanzo na wakati mwingine hata baada ya wiki kadhaa, tena kwa mwanamke ambaye presha yake haikuwahi kusumbua wakati wa ujauzito. Kichwa kinachouma sana bila kusikia dawa, macho kuona ukungu au nyota, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu: hayo mzazi asiyakabidhi kwa usingizi. Wala asiukabidhi uchovu mguu mmoja uliovimba na kuuma, au pumzi inayokatika ghafla, kwa sababu damu huganda kwa urahisi zaidi wiki hizi kuliko wakati wowote wa ujauzito.

Yule mama asingekuja kwa ajili ya kichwa chake. Alikuja kwa ajili ya kitovu. Tangu hapo kila anayeniletea mtoto namwangalia yeye kwanza, na wauguzi wanafunzi ninaowafundisha nawataka wafanye hivyohivyo hata foleni ikiwa ndefu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto wabaki kituoni walau saa 24, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Ya wiki ya 6 huhudhuriwa kwa sababu kuna chanjo ya mtoto. Hizo mbili za kati wengi huziruka, na ndizo zinazoangukia siku za hatari zaidi kwa mama.

Kuhusu maziwa nitasema kidogo, kwa sababu yamesemwa sana, ila yamesemwa nusu. Karibu kila mzazi anajua mtoto aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza na asipewe kingine chochote mpaka atimize miezi 6. Wameikariri. Wasichoambiwa ni kwamba siku mbili tatu za mwanzo kinachotoka ni dang'a, chache, nzito, ya manjano, na tumbo la kichanga nalo ni dogo mno. Kwamba mtoto hupungua uzito siku za kwanza, asilimia 7 hivi, na tunaanza kuwa na wasiwasi ikikaribia 10, halafu huurudisha ndani ya wiki mbili. Kwamba kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku si dalili ya njaa isiyoshibika. Asiyeambiwa haya ataamua siku ya pili kwamba hana maziwa. Ataleta kopo, mtoto atanyonya mara chache, titi litapunguza kazi, na kweli yatakuwa machache. Kipimo ninachowapa ni mkojo: kuanzia siku ya tano, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa siku, na mkojo usio na rangi kali. Chuchu kuuma sekunde chache mtoto anaposhika ni kawaida. Ikipasuka na kutoa damu, mtoto hajashika vizuri, tafuta mtu akurekebishe mkao. Titi likiwa jekundu, la moto, na mwili una homa, nenda hospitali, na uendelee kunyonyesha.

Ya mtoto mwenyewe nayataja kwa pumzi moja. Kukataa kunyonya, kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea ndani, degedege, joto kufika 37.5 au mwili kupoa chini ya 35.5, kulegea asijitikise, umanjano ndani ya saa 24 za kwanza au uliofika viganjani na nyayoni: mbebe uende. Chafya, kwikwi, ngozi kubambuka, vimatiti kuvimba, hata tone la damu kwenye nepi ya mtoto wa kike wiki ya kwanza, hayo yanatokana na kuzoea dunia na homoni za mama yake. Mwachie.

Kuna mpaka mmoja ambao hakuna chupa wala kipimajoto cha kuuonyesha, na huo ndio unaonichukulia muda mrefu zaidi. Siku ya tatu au ya nne mzazi anaweza kulia bila sababu, akacheka, akalia tena kwa kuwa ameona soksi ndogo. Wengi hupitia hali hiyo, na hupoa yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikivuka hapo, au ikazidi kuwa nzito, hiyo ni sonona na ina tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hukaribia asilimia 20. Maana yake ni kwamba katika wodi iliyojaa, siku yoyote ile, wapo zaidi ya mmoja.

Siulizi "unaendeleaje?" Jibu lake ni "vizuri" hata mtu akiwa hoi. Nauliza: mtoto akilala, na wewe unapata usingizi? Mzazi anayekodoa macho usiku kucha wakati mtoto amelala na wasaidizi wapo, huyo naketi naye. Lipo dodoso la kupima sonona lenye jina la mji wa Edinburgh, lilichapishwa mwaka 1987, lina maswali 10, na la mwisho linauliza kama wazo la kujidhuru limekujia. Wauguzi wapya hulikwepa wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hawamtii. Aliyekuwa nalo hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza.

Nimejifunza pia kuwaondoa watu chumbani bila kuwaudhi. Mama mmoja alikaa nami akijibu "ndiyo" na "hapana" muda wote ambao mama mkwe wake alikuwa pembeni. Nikamwomba yule bibi, kwa heshima zote, atusaidie kuchukua dawa dirishani. Mlango ulipofungwa, yule binti akasema, "Sista, mwanangu nampenda, ila natamani niondoke tu, nisirudi." Dirisha la dawa limenisaidia mara nyingi kuliko vipeperushi vyote. Na ikitokea mzazi anasikia sauti, anaona vitu visivyokuwepo, au anashikilia kwamba mtoto huyu amebadilishwa, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo na asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika.

Kwa vijana, kikwazo kikubwa ni aibu, na aibu haishindwi kwa kuwaambia wasione aibu. Sanduku la maswali si jambo jipya, walimu wengi wanalo. Linaloharibu ni kuliweka mezani na kutangaza "mwenye swali aandike," maana atakayeinama kuandika ataonekana. Kwangu kila mmoja hupewa kipande cha karatasi na kila mmoja lazima aandike. Asiye na swali aandike jina la mchezo anaoupenda. Kalamu zote zinatembea kwa wakati mmoja, karatasi zote zinakunjwa sawa.

Humo ndimo nilimojua vijana wanataka nini, na mara chache ni kile kilichoandikwa kwenye mtaala. Titi moja ni kubwa kuliko lingine, nitapona? Uchafu mweupe kwenye chupi ni ugonjwa? Chanjo ya saratani itatufanya tusizae? Mimi ni mvulana, mbona kifua changu kinaota?

Titi moja kutangulia ni kawaida. Ute mweupe au usio na rangi ni kawaida, huongezeka na kupungua kulingana na mzunguko. Ukiwasha, ukinuka, ukigeuka kijani au mgandomgando, nenda kaonwe. Chanjo ya HPV haizuii kuzaa. Inakinga dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hupewa hasa wasichana wa miaka 9 mpaka 14 kabla hawajaanza kujamiiana, na tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali hata dozi moja. Na wewe mvulana, karibu nusu ya wenzako huota uvimbe mdogo nyuma ya chuchu wakati wa balehe. Mara nyingi huondoka wenyewe ndani ya miaka miwili. Nikilisema hili mbele ya darasa huwa kuna kijana mmoja au wawili ambao mabega yao hushuka, na mimi hutazama pengine.

Wavulana husahaulika katika elimu hii kana kwamba wao balehe yao ni kubadilika sauti tu. Ndoto nyevu zinawatisha. Korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine inawatisha. Lile la kuwatisha kweli hawalijui: korodani ikiuma ghafla na kwa nguvu, hasa ikiambatana na kutapika, inaweza kuwa imejisokota na kujikata damu, na madaktari wana kama saa 6 tu za kuiokoa. Kijana anayeona haya kumwambia mama yake hunyamaza mpaka asubuhi, na asubuhi huwa ni kuchelewa. Kila darasa la wavulana nalisema mara mbili, mwanzo na mwisho. Wakicheka nawaacha wacheke, kisha nalirudia.

Naanza nao mbalimbali, wasichana kwao na wavulana kwao, halafu nawaunganisha. Wazazi wengine hulalamika kwamba nawafungua watoto macho. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 ulipitia tafiti nyingi na kukuta kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Baadhi yao hata huchelewa. Mvulana aliyeona vile vijiko vitatu kwenye bakuli sijamwona akimcheka msichana aliyechafua sketi.

Siku moja ilitoka karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: MTU MZIMA AKIKUGUSA AKASEMA USISEME, UKISEMA NANI ATAFUNGWA? Karatasi kama hiyo sitafuti mwandiko wa nani. Naisoma kwa sauti ileile niliyosomea ya chunusi, na kulijibu darasa zima: mtoto hafungwi, mtoto hana kosa, hata kama alinyamaza, hata kama alipokea zawadi. Nawaambia nitakuwa chumba gani baada ya kipindi na nitakaa mpaka saa ngapi. Naongeza jambo ambalo wengine hulificha: kwamba mtu akiniambia anaumizwa, siwezi kuahidi kulibana kifuani peke yangu, lakini nitamweleza kwanza ninayekwenda kumwambia na kwa nini. Ahadi ya siri nisiyoweza kuitimiza ingemvunja imani mara ya pili.

Kisha wapo wale ambao ni wote wawili, mzazi na kijana katika mwili mmoja. Matatizo ya mimba na uzazi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 duniani, na wanaojifungua kabla ya miaka 20 wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi ya mji wa mimba kuliko wanawake wa miaka 20 mpaka 24. Hizo ndizo takwimu. Wodini kinachoonekana ni watu wazima wakizungumza na mama yake juu ya kichwa chake, kana kwamba yeye ndiye kichanga.

Mimi nazungumza naye. Namwita "mama" kama ninavyowaita wengine, mpaka aniombe nimwite kwa jina, na wengi huomba. Nampa masomo yote mawili kwa wiki moja, la wodini na la shuleni, kwa sababu mmoja aliniambia alikuwa ameona hedhi mara chache tu kabla ya kushika mimba. Nikimwambia damu "kama hedhi nzito" hana cha kulinganisha nacho. Kwake chupa na pedi ndizo lugha. Faraghani namuuliza mimba ilipatikanaje na kama yuko salama anakorudi, na jibu hilo hubadilisha mpango wote.

Kama anataka kurudi shule, namfundisha kukamua maziwa kwa mkono; yakihifadhiwa kwenye chombo safi hukaa kwa muda usiozidi saa 4 katika joto la kawaida la chumba. Namwambia pia kwamba yai hutangulia damu, kwa hiyo anaweza kushika mimba nyingine kabla hata hedhi haijarudi. Kunyonyesha kunakinga kwa takriban asilimia 98 iwapo masharti matatu yametimia kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hapewi kitu kingine zaidi ya titi usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha, na binti wa shule anayeacha maziwa ya kukamua ni rahisi kulivunja bila kujua. Kwa hiyo tunazungumza mapema juu ya vipandikizi, kitanzi, sindano, na vidonge vya homoni moja. Vile vya homoni mbili vinasubiri kwa anayenyonyesha. Kondomu ina kazi yake ya ziada dhidi ya VVU na magonjwa mengine. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite walau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa mwili ambao wenyewe bado unakua, ningeomba hata zaidi.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wazazi: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Huo wa kwanza ndio ninaoweza kuugusa kwa mdomo wangu, na mara nyingi uamuzi haumo mikononi mwa mgonjwa. Basi kabla hawajaondoka wodini namuuliza aliyekuja kumchukua, simuulizi mzazi: usiku wa manane pedi imelowa ndani ya saa moja, utafanya nini? Usafiri ni wa nani? Pesa ya kuondokea iko kwa nani? Nani atabaki na watoto wengine? Wakianza kubishana mbele yangu huwa nafurahi. Heri wabishane mchana, mzazi akiwa mzima.

Shuleni swali ni hilohilo kwa sura nyingine. Kila kijana aandike nyuma ya daftari majina mawili ya watu wazima anaoweza kuwaamsha saa nane usiku bila kuogopa kugombezwa. Asiyekuwa na la pili tunalitafuta naye kabla sijaondoka: mwalimu, shangazi, jirani, muuguzi wa kituo cha karibu, na namba ya simu iandikwe pembeni ya jina.